Haina Ubovu

Bi Nyanzobe aliileta ndani ya ndoo, imefunikwa kanga,
kama mtu anayempeleka kuku mgonjwa kwa bwana mifugo.
"Itazame," akasema. "Haisemi kweli siku hizi."

Nikafungua skrubu nne. Nikapuliza vumbi la Isevya.
Ndani: mende mmoja mkavu,
kutu kidogo kwenye springi za betri,
spika nzima, waya zote mahali pake.
Nikaiwasha. Ikasema kwa sauti safi kabisa
kwamba hali ni shwari nchini kote.
Tukatazamana.
"Unaona?" akasema.

Miaka ishirini na sita natengeneza redio
katika kibanda hiki, kati ya kinyozi na muuza michembe.
Zilizonyeshewa, zilizodondoka kwenye baiskeli,
zilizokaliwa na wageni.
Hakuna aliyenifundisha cha kufanya
redio ikiwa nzima
na msikilizaji ndiye aliyeungua fyuzi.

Wala nisijifanye daktari. Tangu siku ya kura
usingizi wangu unakatika saa nane,
pale treni ya Kigoma inapopiga honi ikiingia stesheni,
nami nalala macho nikiwajibu watu
wasiojua hata kama nipo duniani.
Waheshimiwa, nasema gizani. Waheshimiwa.
Milembe hugeukia ukutani:
"Waambie wasubiri asubuhi, unavuta blanketi lote."

Mwanangu Shija haitikii salamu ya baba yake mdogo
kwa sababu ya rangi ya fulana.
Fulana yenyewe ya bure,
ilichanika kwapani kabla ya matokeo.
Mdogo wangu bado anatuma asali, nusu lita,
na mtoto anayeileta anasimama mlangoni
hajui atazame wapi.
Tunaila. Shija naye anaila, tena kwa kidole.
Hilo nimeliandika nyuma ya daftari la madeni,
nisije nikalisahau.

Wino ulinibaki kwenye ukucha wa kidole kidogo.
Kila Ijumaa niliukagua: umepanda, umepanda tena.
Wiki ya tisa nikaukata kwa mkasi wa waya,
kipande kikaruka, kikapotelea kwenye skrubu,
nikakitafuta kwa tochi nusu saa nzima, mteja akisubiri.
Sijui nilikitakia nini.

Siku hizi nikijaribu spika naweka mikwaruzo,
ile ya kati ya kituo na kituo,
haijawahi kumdanganya mtu.
Taarifa ya habari ni moja tu, ya saa mbili usiku,
naisikiliza nimesimama,
maana niligundua nikikaa siinuki.
Halafu natoka nyuma kupalilia matuta ya viazi
kwa mbalamwezi, hata yaliyokwisha paliliwa.
Jirani anasema fundi karogwa.

Si kwamba nimekata tamaa. Si kwamba ninayo.
Ni kama betri kuukuu tunazoanika juani:
tochi haziwashi,
ila saa ya ukutani inakwenda.

Redio ya Bi Nyanzobe ilikaa rafuni wiki tatu.
"Kaa nayo," aliniambia siku ile, akaondoka na ndoo tupu.
Jumanne akarudi na mvua, ndoo imegeuka kofia.
"Nipe. Dada yangu kafia Sikonge,
nataka nisikie wakimtaja.
Matangazo ya vifo wanasemaga kweli."

Nilikataa hela, ubovu haukuwepo.
Akaniwekea michembe juu ya karatasi,
karatasi yenyewe kipande cha bango la mgombea:
jicho moja na nusu ya tabasamu.

Tukaiwasha palepale. Kinyozi akazima mashine,
mteja wake kichwa nusu, akatulia.
Kwanza ilikuja hotuba.
Tuliivumilia kama tulivyokuwa tunaivumilia mvua,
tukiangalia inapodondokea.
Kisha majina. La tatu lilikuwa lake,
na msomaji akalikosea.

Bi Nyanzobe akainama mpaka kwenye spika.
"Nyamizi," akaiambia. "Si Nyamisi. Nyamizi."
Akaifunika kanga, akaitia ndooni.